Kutoka Kokwa hadi Kunazi Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuotesha na Kubebesha Mkunazi

Mkunazi si mti wa kudeka. Unavumilia mchanga wa Kigamboni, upepo wa bahari wa Mbweni, na hata maji ya kisima yenye chumvi yanayodhoofisha michungwa mingi ya Dar es Salaam. Hata hivyo wanaoupanda wanakwama palepale kila mwaka. Kokwa zinakaa ardhini miezi miwili bila kuota. Au mche ulioota vizuri kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, unakauka wiki chache baada ya kuhamishwa. Au mti unakua, unazaa, lakini kunazi ni ndogo kama gololi, kokwa tupu na ukakasi.

Kila tatizo lina chanzo chake. Kokwa ni gumu, na mbegu iliyo ndani inachelewa kupata maji. Mzizi mkuu unashuka haraka kuliko shina linavyopanda, hivyo kiriba kifupi unakimaliza upesi, unajikunja, na unakatika siku ya kuhamisha. Na mbegu ya kunazi tamu haiahidi mti wa kunazi tamu, kwa sababu ua lake huenda lilichavushwa na mti mwingine kabisa.

Kwa hiyo: toa mbegu ndani ya kokwa, ipande palepale mti utakapoishi, kisha bandika juu yake jicho, yaani kichipukizi kidogo cha kwenye ungio la jani, la mti ambao matunda yake umeyaonja. Huko ndiko kubebesha.

Utakachohitaji

- Kokwa 15 hadi 20 kwa kila shimo, kutoka mkunazi wowote wa kienyeji wenye afya. Nyingi zitapotea kwenye kuchambua na kupasua.
- Chumvi ya kawaida gramu 170 kwa kila lita 1 ya maji.
- Plaizi, au nyundo ndogo na jiwe bapa.
- Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila shimo.
- Jembe, sururu na chepe.
- Kisu kikali sana au wembe mpya, pamoja na spiriti na pamba ya kukisafishia.
- Vipande vya nailoni laini, upana sentimita 1 hadi 1.5, urefu sentimita 25 hadi 30. Zamani watu walichana mifuko ya rambo. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019, chana kiriba cha miche kisichotumika.
- Kitambaa cha pamba, kigingi cha mita moja na nusu, na kamba ya katani.
- Glovu nene za ngozi. Miiba ya mkunazi huota miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umejipinda kama ndoana. Huo wa pili ndio unaochana mkono unapouvuta.

Ratiba

Panda mbegu mwanzoni mwa vuli, mwezi Oktoba. Utabandika macho kuanzia mwisho wa Februari hadi Machi, kabla mvua kubwa za Aprili hazijashika. Kipindi hicho joto lipo, utomvu unapanda, na gome linabanduka bila kupasuka. Aliyekosa Oktoba apande Aprili, lakini abandike Novemba. Juni hadi Agosti mti umepunguza kasi na gome limeshikana na shina, na macho mengi yanayobandikwa miezi hiyo hufa.

Hatua ya 1: Andaa shimo kwanza

Anza na shimo wala si mbegu, maana mbegu iliyotolewa kwenye kokwa haisubiri.

Chagua mahali penye jua kuanzia asubuhi hadi jioni, angalau mita 5 kutoka kwenye ukuta wa nyumba, karo la maji machafu au bomba la maji. Ukipanda zaidi ya mmoja, acha mita 6 hadi 8 kati ya mti na mti. Mkunazi uliokomaa unatanua matawi yanayoning'inia, na ukiwa na miiba juu ya njia utaukata kwa hasira.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya wa juu na debe moja la samadi, rudisha shimoni kwanza, kisha malizia na wa chini. Kwenye mfinyanzi mzito, kama ule wa mabondeni, inua kituta cha sentimita 20 juu ya usawa wa ardhi ili maji ya masika yasituame shingoni mwa mche.

Mwagilia ndoo mbili na uache wiki mbili. Samadi mbichi inapoendelea kuoza hutoa joto linalounguza mizizi michanga. Chomeka kijiti kirefu shimoni, kiache dakika tano, kitoe. Kama kina joto kuliko kiganja chako, bado.

Hatua ya 2: Chambua na pasua kokwa

Kunazi za sokoni, ziwe za Kariakoo au za muuza mkokoteni, zinafaa kwa mbegu mradi hazikuchemshwa. Zilizokaushwa baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto usihangaike nazo, mbegu imekwisha kufa.

Osha nyama yote itoke. Kokwa likibaki na utamu huvutia ukungu na sisimizi. Kisha koroga maji ya chumvi kwa kipimo cha hapo juu na uzitumbukize. Zinazoelea ndani yake hazina kitu au mbegu imesinyaa, zitupe. Zilizozama suuza kwa maji baridi mara mbili, maana chumvi ikibaki huzuia mbegu kunywa maji. Ziloweke kwenye maji safi saa 24.

Sasa kupasua, na hapa ndipo subira inapolipa. Shika kokwa kwa plaizi, ncha zake zikitazama juu na chini, kisha bana taratibu hadi usikie mlio mmoja mkavu. Acha mara moja. Ukiendelea kubana unasaga kilichomo. Kwa nyundo, lisimamishe kwa ubavu juu ya jiwe na uligonge kidogo kidogo. Ndani kuna vyumba viwili, na kwa kawaida utapata mbegu moja au mbili, bapa, za rangi ya kahawia inayong'aa. Iliyochanika ngozi au kuvunjika ncha itupe, kwa sababu itaoza kabla ya kuota.

Panda siku hiyohiyo. Mbegu isiyo na kokwa huanza kuota ndani ya wiki moja hivi. Ya ndani ya kokwa zima inaweza kuchukua wiki sita. Wengi hufukua shimo wiki ya tatu wakidhani limeshindikana.

Hatua ya 3: Panda palepale

Katikati ya shimo, panda mbegu nne kwa kina cha sentimita 1.5, zikiachana kama upana wa kiganja. Funika kwa udongo laini na majani makavu kidogo. Mwagilia kwa kopo lenye matundu asubuhi na jioni hadi zichomoze, kisha mara moja kwa siku kwa wiki tatu.

Zungushia makuti au wavu. Kuku wa jirani na mbuzi ndio maadui wakubwa wa hatua hii. Mbuzi anapenda majani ya mkunazi kuliko karibu jani lolote la uani.

Miche ikifika sentimita 15, acha mmoja ulio mnene na ulionyooka. Mingine ikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Usiing'oe, mizizi imeshafungamana.

Mwenye ulazima wa kutumia kiriba, labda kwa sababu kiwanja bado kinajengwa, atafute kirefu cha sentimita 30 au zaidi, na ahamishe mche kabla mzizi haujatokeza chini. Mzizi ukishazama kwenye ardhi ya kitalu, kunyanyua kiriba ni kuukata.

Hatua ya 4: Tafuta jicho

Tunda utakalokula miaka yote ijayo linaamuliwa hapa. Kuna aina kubwa zenye asili ya India, maarufu zikiwa Umran, Gola na Seb, na kwenye bustani za miche utasikia majina mengi. Usinunue jina. Omba kuonja tunda la mti wenyewe, au angalau kuliona tawini. Mkunazi wa kienyeji wa mtaani wenye kunazi nene na tamu ni chanzo bora kuliko mche wa jina kubwa ambao hakuna aliyeuonja.

Kata tawi la msimu huu, unene wa kalamu ya risasi au pungufu kidogo, lililopata jua. Macho yawe yamevimba lakini hayajachanua majani. Tawi laini la kijani kabisa halifai, jicho lake linasinyaa. Lililozeeka na kuwa na gome la mikwaruzo nalo gome lake halibanduki.

Papo hapo kata majani yote lakini acha kikonyo cha kila jani, kama sentimita 1. Hicho ndicho mshikio wako, na baadaye ndicho kitakachokuambia kama jicho limeshika. Kata miiba. Viringisha kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, na tumia siku ileile. Tawi lililoachwa kwenye kiti cha bodaboda kutoka Bunju hadi Temeke saa saba mchana limekwisha.

Hatua ya 5: Bandika jicho

Mche uwe umefikia unene wa kalamu ya risasi karibu na ardhi, jambo linalochukua miezi mitatu hadi minne. Mwagilia vizuri kwa siku kumi kabla. Fanya kazi asubuhi, siku isiyo na mvua.

Jaribu gome kwanza. Chanja kidogo upande mmoja na ulinyanyue kwa ncha ya kisu. Likifunguka kama ganda la ndizi na mti wa ndani ukiwa unyevu na unateleza, endelea. Likichanika vipandevipande, rudi kumwagilia na usubiri wiki. Kulazimisha hapa ni kupoteza jicho.

Futa kisu kwa spiriti. Kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, upande usiopigwa na jua la mchana, chanja mstari wa kulala wa sentimita 1, kisha wa kusimama wa sentimita 3 kwenda chini, upate umbo la T. Kina kiishie kwenye gome tu. Nyanyua pembe mbili za gome.

Kwenye tawi, anza sentimita 1.5 chini ya jicho na upandishe kisu hadi sentimita 1.5 juu yake, ukitoa ngao nyembamba, yaani kipande cha gome chenye jicho katikati. Kama imebeba kipande cha mti nyuma, kichomoe taratibu, ukichunga kiini cha jicho kisitoke nacho. Ukiona kitundu nyuma ya jicho, hilo tupa. Usiguse upande wa ndani kwa kidole. Mafuta na uchafu wa ngozi vinatosha kuzuia kuungana.

Telezesha ngao kwa kushika kikonyo, jicho likitazama juu, hadi iingie yote. Sehemu ya ngao inayozidi mstari wa juu ikate sawasawa na mstari huo. Funga nailoni kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia uliotangulia kama vigae, ili maji yasiingie. Liache jicho na kikonyo nje. Kaza kiasi cha kugusana vizuri, usikabe.

Kuanzia kutoa ngao hadi kufunga isizidi dakika mbili. Fanya mazoezi kwenye matawi yasiyo na kazi kwanza, kumi au kumi na tano. Mkono mwepesi ni nusu ya kazi.

Kujua kama limeshika

Baada ya wiki mbili hadi tatu gusa kikonyo kwa kidole. Kikianguka chenyewe na jicho likiwa la kijani, limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Usikate tamaa wala kukata mche. Geuka upande wa pili, shuka sentimita 3, rudia.

Hatua ya 6: Mhamishie nguvu mgeni

Jicho lililoshika linaweza kulala miezi kama mche wa chini bado una kichwa chake. Kata mche sentimita 10 juu ya jicho. Kisiki hicho kifupi kitatumika kufungia chipukizi jipya lisivunjike kwa upepo. Legeza nailoni kwa kuichana upande wa nyuma wakati chipukizi limefika sentimita 5. Ikichelewa inakaba shina na kuacha shingo dhaifu.

Chipukizi likifika sentimita 20, kata kisiki mshazari, sentimita 2 juu ya muungano, na uhamishie kamba kwenye kigingi.

Kila wiki pitisha vidole chini ya muungano na vunja kila chipukizi linalotoka pale. Mikunazi mingi iliyobebeshwa hupotea hivi. Chipukizi la kienyeji lina nguvu, linapita la kubebeshwa bila mwenyewe kujua, na miaka miwili baadaye analalamika kuwa aliuziwa jicho bandia.

Kama tayari una mkunazi mkubwa wa kunazi chachu

Usiung'oe. Mizizi yake ni mali. Baada ya mavuno kata shina kwa msumeno kama mita 1 kutoka ardhini, mshazari. Machipukizi mengi yatatoka. Chagua manne yaliyozunguka shina kwa nafasi sawa, mengine ondoa. Yakifikia unene wa kalamu, bandika jicho kwenye kila moja kwa njia ileile. Kwa mizizi iliyokwisha tambaa, mti kama huo huwahi kuzaa kuliko ulioanza na mbegu.

Hatua ya 7: Umbo na kupogoa

Mwaka wa kwanza lea shina moja kwenye kigingi. Likifika sentimita 75, kata ncha, kisha chagua matawi matatu au manne yaelekee pande tofauti.

Kuanzia unapozaa, pogoa kila mwaka. Watu wa mwembe wanaona huu ni ukatili, lakini mkunazi hutoa maua kwenye matawi mapya ya msimu huohuo, kwenye maungio ya majani. Usipokata hakuna matawi mapya ya maana, na matunda yanapungua ukubwa mwaka hadi mwaka huku mti ukigeuka kichaka. Subiri mavuno yaishe na mti upumzike, kabla haujachipua. Punguza matawi ya mwaka uliopita kwa nusu, ondoa yaliyokauka, yanayogusa ardhi na yanayosuguana. Kisha weka madebe mawili ya samadi chini ya mwavuli wa matawi, mbali na shina.

Matawi yenye miiba yaliyokatwa yapange juu ya uzio. Kama una mbuzi, mpe kwanza majani.

Maua mengi, matunda hakuna

Aina nyingi za mkunazi hazijichavushi zenyewe. Zinahitaji chavua ya aina nyingine, inayoletwa na nyuki, nyigu na inzi. Mti mmoja wa kubebeshwa, pekee mtaani, unaweza kuchanua kila mwaka bila kitu. Bandika jicho moja la aina ya pili kwenye tawi la mti huohuo. Ni rahisi kuliko kutafuta nafasi ya mti mwingine. Na usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua.

Kama matunda machanga yana unga mweupe, yanakuwa ya kahawia na kudondoka, huo ni ubwiri unga, ugonjwa unaofanana na ule unaowasumbua wakulima wa korosho. Pulizia salfa ya kuchanganya na maji, gramu 2 kwa lita 1, mara uonapo unga wa kwanza, na urudie baada ya wiki mbili. Fanya asubuhi mapema au jioni. Salfa kwenye jua kali huunguza majani. Vaa barakoa na miwani.

Funza karibu na kokwa ni watoto wa inzi wa matunda. Kupuliza dawa tunda likishatobolewa hakusaidii, funza yuko ndani. Okota kila kunazi iliyodondoka, kila siku, uzifunge kwenye ndoo yenye mfuniko juani siku kadhaa au uzifukie nusu mita kwenda chini. Kwatua udongo chini ya mti baada ya mavuno, ili mabuu yaliyojificha ardhini yapate jua na kuku. Kuku, aliyekuwa adui wakati wa mbegu, sasa ni msaidizi.

Kuvuna na kutumia

Kunazi nyingi hukomaa miezi mitano hivi baada ya maua, na haziivi zote kwa pamoja. Chuma kwa mkono mara kadhaa, kila zinapobadilika kutoka kijani kuwa njano ya dhahabu. Ya kijani haitaivia ndani ya ndoo ikawa tamu. Itanywea tu na kubaki na ukakasi.

Kwa kukausha, chagua zilizoiva kabisa, zimeanza kuwa za kahawia. Zichovye kwenye maji yanayochemka dakika 2 hadi 5 ili ngozi ilegee na mayai ya wadudu yafe, zichuje, zitandaze safu moja kwenye wavu ulioinuliwa kutoka ardhini. Anika siku 7 hadi 10, ukizianua kila siku kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu unyevu wa usiku wa pwani hurudisha kazi yote nyuma na kuleta ukungu. Ziko tayari zikikunjamana kama ngozi, na ukiminya moja hakuna kinachonata kidoleni.

Majani nayo ni mazao. Ukiyasugua kwenye maji hutoa povu laini, ndiyo maana yanaoshea nywele, na ndiyo yanayotafutwa na Waislamu kwa kuoshea maiti. Nyumba yenye mkunazi hugongwa mlango hata usiku, kwa hiyo ni vizuri kuwa na unga tayari. Chuma majani yaliyokomaa, yasiyopuliziwa salfa kwa wiki mbili zilizopita, yaoshe, yaanike kivulini penye upepo hadi yavunjike ukiyafinya. Juani yanapoteza ukijani. Twanga, chekecha kwa chekeche la unga, na uweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko wa kubana. Jaribu kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu: likipigwa kwa mkono na povu likasimama, unga ni mzuri. Kama haupovuki na unanuka kama majani yaliyolala, yaliingia unyevu kabla hayajatwangwa. Mwaga huo na uanike mengine.